Keki ya Upinde wa Mvua kwa Joto la Kusini

Mvua za vuli zinapopita Msambweni alasiri, jua likiwa limeshaelekea upande wa Shimba Hills, upinde wa mvua huchomoza upande wa bahari. Binti yangu wa pili aliuona hivyo akiwa na miaka mitano, na siku hiyohiyo akatoa agizo lake: bethdei yake ya sita anataka keki yenye zile rangi zote ndani. Si juu, mama. Ndani. Tangu hapo nimeioka keki hii mara nyingi, kwa wanangu, kwa watoto wa majirani na kwa wateja wachache wa Ukunda na Diani. Wewe unayejiandaa kuioka kwa mara ya kwanza, nataka nikupe yale ambayo maelezo ya wapishi wa nchi za baridi hayakwambii.

Wapishi hao huandika wakiwa kwenye majiko ambamo siagi ikiachwa mezani hubaki siagi. Kwetu, Februari na Machi, joto la mchana likifika nyuzi 32, siagi hiyo huwa imeshakaribia kuwa mafuta ya kumiminwa. Kwa hiyo usianze kwa kuwaza mapambo. Anza kwa kuwaza mambo mawili yanayoiharibu keki hii pwani: umanjano ndani ya rojo, na joto nje yake. Ukiyashinda hayo mawili, yaliyobaki ni kazi ya mikono tu, na mikono hujifunza.

Kwanza hesabu ya rangi. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1704 kuhusu mwanga, aliugawa upinde katika rangi saba. Waokaji wengi hutumia sita, wakiiacha nili iliyo kati ya buluu na zambarau, kwa sababu kwenye keki huwezi kuitofautisha na jirani zake. Sita zinatosha, tena zinagawanyika vizuri mbilimbili: nyekundu na machungwa, manjano na kijani, buluu na zambarau. Mgawanyo huo ndio uti wa mgongo wa ushauri wangu wote. Wengi wetu tuna oveni moja ndogo ya gesi, au hatuna oveni kabisa, na rojo lililokwisha kutiwa unga halipendi kungoja zamu. Dawa ya kuumua iliyomo ndani huanza kazi mara tu inapokutana na maji, na tabaka la sita likiingia motoni saa moja baada ya la kwanza, litatoka limedumaa. Basi usipige rojo lote kwa pamoja. Piga mara tatu, kila mara la rangi mbili.

Kwa kila awamu chukua majarini gramu 150, sukari gramu 150, mayai 3, unga wa ngano unaoumuka wenyewe gramu 150, na maziwa vijiko 2 vya mezani. Hizo hukupa rojo la matabaka mawili ya chombo cha duara chenye upana wa sentimita 20, gramu 300 hivi kila tabaka. Huna mizani? Nenda dukani na mayai yako, mwombe mwenye duka ayapime matatu pamoja na maganda yake, kisha akupimie majarini, sukari na unga kwa uzito uleule. Waokaji wa zamani walipima hivyo kabla mizani za jikoni hazijaenea, na kipimo hicho bado hakijanitupa.

Sukari yetu ya dukani ina chembe kubwa. Ukiipiga na majarini ikabaki inakwaruza, keki itatoka na madoadoa juu. Isage kidogo kwenye blenda, au itwange kwenye kinu kisafi cha iliki, kisha upige na majarini hadi mchanganyiko uwe mwepesi na rangi yake ipauke. Majarini iwe laini lakini isiwe imeyeyuka, maana mafuta yaliyoyeyuka hayawezi kushika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki. Kwa sababu hiyo mimi huoka usiku baada ya isha, au alfajiri kabla bati halijapata moto. Mayai yaingie moja moja, unga uingie mwisho, na baada ya unga usipige tena. Geuza kwa mwiko taratibu.

Sasa umanjano. Keki ya kwanza niliyomwokea binti yangu, tabaka la buluu lilitoka la kijani kama mwani wa Kibuyuni, na la zambarau likawa na rangi ya jivu. Nilikuwa nimetia rangi nyingi tu, kwa hiyo sikuelewa. Niliyoyatumia siku ile yalikuwa mayai ya kienyeji, tena ya kuku waliokula majani, yenye viini vya manjano iliyokolea, na majarini ya manjano. Buluu juu ya manjano ni kijani. Zambarau juu ya manjano ni matope. Hakuna chupa ya rangi itakayobadilisha jambo hilo, hata uimimine yote.

Kwa hiyo awamu ya tatu, ile ya buluu na zambarau, ipikwe tofauti. Weka majarini kando, tumia mafuta meupe ya kupikia ya mgando, gramu 120, kwa kuwa hayana maji ndani yake kama majarini, na utie chumvi kidogo. Mayai tumia ute peke yake, wa mayai 4, na maziwa ongeza yawe vijiko 4. Viini vinavyobaki vitie kwenye mayai ya chai ya asubuhi. Kwa keki hii mayai ya gredi ndiyo bora, na nasema hivyo mimi ninayeyapenda ya kienyeji kwa kila pishi jingine. Ukiona rojo lako bado lina umanjano kidogo, tia tone dogo sana la zambarau kabla ya buluu. Litauzima ule umanjano, na buluu itakaa ilivyo.

Rangi gani ununue? Ushauri wangu ni kununua tatu tu: nyekundu, buluu na zambarau. Zilizobaki zimo katika nchi hii tunayoikanyaga.

Machungwa ni bixa. Ukitembea mashamba ya Kwale umeuona mti huu mdogo, wenye vifuko vya miiba laini vinavyopasuka na kuonyesha mbegu zenye unga mwekundu unaoshika vidole. Wa Unguja huuita mzingefuri. Asili yake ni Amerika ya joto, lakini umelimwa hapa kwa miongo mingi, na kiwanda cha Kenya Bixa kiko katika kaunti hii hii. Rangi yake husafirishwa nje, na huko hutiwa kwenye jibini, siagi na majarini ili zionekane za manjano. Kwenye vibandiko huandikwa E160b. Huniuma kwamba mkulima anavuna rangi inayopendezesha meza za Ulaya, halafu mama wa kijiji hichohicho anapanda matatu kwenda kununua kichupa cha rangi ya machungwa kilichotoka mbali. Chukua vijiko viwili vya chai vya mbegu kavu, vitie kwenye vijiko vitatu vya mezani vya mafuta ya kupikia, pasha kwa moto mdogo kabisa hadi mafuta yageuke ya machungwa, halafu ipua na uchuje. Moto ukizidi rangi huwa ya kahawia na mafuta huwa machungu. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta hayo kinatosha tabaka moja. Rangi ya bixa hutoka kwenye mafuta. Ukizichemsha mbegu kwa maji peke yake utapata rangi hafifu.

Manjano ni manjano yenyewe, ile bizari tunayotia kwenye mchuzi. Nusu kijiko cha chai kwa tabaka, na iliki iliyosagwa ili harufu ya bizari isisikike. Angalia jambo moja: usiongeze magadi kwenye rojo lenye manjano, kwani manjano ikikutana na magadi hugeuka nyekundu iliyofifia kama kutu. Kijani utakipata kwa kuchanganya manjano na buluu uliyonunua, kwa tone moja moja.

Nyekundu nimeijaribu kwa viazi vya bitiruti. Rojo hupendeza sana likiwa bichi, na oveni huiondoa rangi yote ikaacha kahawia. Nunua nyekundu. Ukiwa na wageni Waislamu, soma kibandiko: E120 ni rangi itokanayo na wadudu, na wengi hawaili. Arki ya vanila nayo iwe isiyo na pombe, zipo, ukiuliza.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea bixa na bizari. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba baadhi ya watoto waliokunywa mchanganyiko wa rangi fulani za viwandani pamoja na dawa ya kuhifadhi vyakula walizidi kuwa watukutu. Tangu 2010 Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye rangi sita zilizohusika viwe na onyo kwenye kibandiko. Zote sita ni za upande mmoja wa upinde: manjano, machungwa na nyekundu. Mtoto hadhuriki kwa kipande kimoja cha keki, na sitaki kumtia mzazi hofu. Ila ukiwa unaweza kupunguza mbili kati ya hizo tatu kwa vitu vya shambani, kwa nini usipunguze? Na kwa yoyote unayonunua, iwe rangi ya chakula yenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Ule unga wa rangi unaopimwa kwenye vikaratasi sokoni bila jina usiuguse. Hujui kama ulitengenezwa kwa ajili ya kula au kwa ajili ya kutia mikeka rangi.

Rangi za kununua chagua zile nzito kama gundi, kuliko za majimaji. Za majimaji zinahitaji nyingi ili zikolee, na rojo linakuwa jepesi. Ikoroge kwanza kwenye kijiko kimoja cha yale maziwa, kisha ndiyo uitie kwenye rojo, ili usilazimike kugeuza sana ukitafuta mabonge.

Kwenye kuoka: oveni nyuzi 170, dakika 18 hadi 22. Chombo pakaza mafuta na utandike karatasi chini. Ukikizungushia nje kitambaa cha pamba kilicholowa maji, keki itapanda sawasawa bila kufanya kilima katikati, na hiyo itakupunguzia kukatakata baadaye. Wenye jiko la mkaa wasikate tamaa. Mama zetu wameoka mkate wa mayai kwa moto wa juu na chini kabla oveni hazijaingia majumbani, na matabaka haya ni membamba, yanaiva upesi. Tandaza mchanga mkavu wa mto kwenye sufuria kubwa nzito, si wa baharini maana chumvi yake hula sufuria, pasha moto vizuri, weka chombo chako juu yake, funika na upalie makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Kabla ya rojo jaribu na kipande cha karatasi nyeupe ndani: kikiwa kahawia ya kawaida baada ya dakika tano, moto ni wako, kikiwa cheusi, punguza. Keki imeiva pale ukiibonyeza kwa kidole inarudi, na kijiti kinatoka kikavu.

Yakipoa kabisa, yafunge matabaka moja moja kwenye plastiki na uyaweke kwenye friji. Yakilala usiku mmoja hushikana vizuri na hayamwagi chenga unapoyapaka krimu.

Krimu ndiyo mahali ambapo joto hushinda watu. Siagi na sukari ya unga peke yake, iliyopigwa kwa ustadi wote, katika baraza ya Diani saa tisa mchana hutelemka pembeni mwa keki kama nta. Nimejaribu njia kadhaa, na ninayoishikilia ni ya uji. Chukua tui la pili, lile jepesi, mililita 400, sukari gramu 350, unga wa ngano wa kawaida vijiko 6 vya mezani vilivyosawazishwa. Koroga motoni hadi uwe uji mzito unaoacha njia mwiko unapopita, na sukari imeyeyuka yote. Funika kwa plastiki iliyogusa uso wa uji ili usifanye utando, na uache upoe kabisa, narudia, kabisa. Kando yake piga gramu 200 za siagi na gramu 200 za mafuta meupe ya mgando hadi ziwe nyeupe na nyepesi, kisha tia uji kijiko kwa kijiko ukiendelea kupiga. Mwisho tia iliki na chumvi kidogo. Krimu hii si tamu ya kukera, ina ladha ya nazi, na inasimama muda mrefu kuliko ile ya sukari ya unga. Mafuta meupe ya mgando ndiyo yanayoishikilia. Usifikirie kuyabadilisha na mafuta ya nazi. Hayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, yaani hapa kwetu karibu mwaka mzima ni maji. Na kwa kuwa ina tui, krimu hii ilale kwenye friji, isiachwe nje usiku kucha.

Panga zambarau chini na nyekundu juu, kama upinde wenyewe ulivyo angani. Paka krimu nyembamba kati ya matabaka, kisha paka nje mkono wa kwanza mwembamba tu, wa kufunga chenga, urudishe kwenye friji nusu saa, ndipo upake mkono wa pili. Iache nyeupe. Najua utavutiwa kupamba nje kwa rangi zote na pipi za kila aina, lakini furaha ya keki hii ni pale kisu kinapoingia kwenye kitu cheupe na rangi sita zikatoka. Tena hapa pwani pipi za rangi hutoa jasho baada ya saa moja na kuchirizisha rangi kwenye krimu. Nazi iliyokunwa na kukaushwa inatosha kuirembesha.

Ikiwa inasafiri, tuseme kutoka Ukunda kwenda Msambweni, choma vijiti viwili vya mshikaki kutoka juu hadi chini ili matabaka yasiteleze. Tuktuk ni bora kuliko bodaboda, na anayeibeba aishike mapajani kwa sanduku lenye kitako kigumu. Stima ikipotea siku hiyo, kisanduku cha barafu kitakuokoa, ila kisiwe kilichowahi kubeba samaki. Siagi hunyonya harufu, na harufu ya changu haitoki kwenye keki.

Penye sherehe, keki ikae ndani hadi dakika ya kuwasha mishumaa. Wakati wa kusi upepo utazima mishumaa kabla mtoto hajavuta pumzi, na ufukweni utaleta mchanga juu ya krimu. Miguu ya meza isimamishe kwenye mikebe ya maji, vinginevyo sisimizi watafika kabla ya wageni. Na ukiwa Diani, weka mtu mzima karibu na meza kwa ajili ya tumbili na kima. Wanaijua keki vizuri. Watu wa shirika la Colobus Conservation wamekuwa wakiwasihi wakazi na wageni wasiwalishe nyani na tumbili, kwa sababu aliyezoea kupewa hujifunza kunyang'anya, na anayeumia mwishoni ni mnyama huyo mwenyewe au mtoto aliyeshika kipande chake.

Watakuja wengi kuliko uliowaalika. Bethdei ya mtaani ndivyo ilivyo, na mtoto aliyesimama langoni hafukuzwi. Keki hii ni ndefu, kwa hiyo usikate vipande vya pembetatu kama vya mkahawani. Mtoto hamalizi, na nusu itaishia mchangani. Kata mistari iliyonyooka kutoka upande mmoja hadi wa pili, halafu gawa kila mstari kwa vipande vya upana wa vidole viwili. Kwa njia hiyo keki moja ya sentimita 20 hulisha watoto 24, kila mmoja akiziona rangi zote sita. Kando yake weka viazi karai na sinia la mkate wa kumimina, na hakuna atakayerudi mikono mitupu. Kisu kiwe kirefu, kichovye kwenye maji ya moto na ukifute kila unapokata, ili zambarau isipande kwenye manjano.

Na kabla kisu hakijashuka, toa vile vijiti vya mshikaki. Viliingia viwili; vihesabu mkononi, viwe viwili.